Siku moja maishani mwangu: tezi nne ndogo na figo zilizoshindwa

Saa 12:30 asubuhi. Damu ya vipimo hutolewa kabla wagonjwa hawajaunganishwa na mashine za kusafisha damu, kwa kuwa fosfeti, madini ya fosforasi yanayotoka kwenye chakula, ikipimwa baada ya mashine huonekana nzuri kuliko ilivyo. Majibu ya mwezi huu ninayasoma pamoja na ya miezi iliyopita. Mwongozo wa mwaka 2017 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, unapendekeza kwamba homoni ya parathairoidi, inayotolewa na tezi nne ndogo za shingoni, kwa wagonjwa wa namna hii ibaki takriban mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha kawaida, lakini kinachoninyima raha zaidi ni namba inayopanda mfululizo.

Saa 2:00. Kitanda cha tatu yuko mama ambaye fosfeti na homoni zake zimepanda pamoja, naye anajikuna mikono hadi ngozi imechubuka.

“Mama, vidonge vya fosfeti unavimeza wakati gani?”

“Usiku ninapokwenda kulala, daktari, ili nisisahau.”

Jibu hilo limenizuia kumwongezea dozi. Vidonge hivyo huinasa fosfeti ya chakula ndani ya utumbo, na vikichelewa hukuta imekwisha kuingia kwenye damu. Figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa fosfeti hiyo wala kutengeneza vitamini D ya kutosha iliyo tayari kutumika. Kalsiamu hushuka, na zile tezi nne za shingoni, ambazo kwa kawaida kila moja hukaribia ukubwa wa punje ya mchele, huzidisha homoni inayochota kalsiamu mifupani. Nimekaa naye muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu, tukipanga vidonge kwa kila mlo na kuzungumzia vyakula vya viwandani vilivyotiwa fosfeti, ambayo utumbo huifyonza kwa wepisi kuliko ile ya asili. Ninaamini mazungumzo haya ni tiba kamili.

Saa 5:00. Zamu ya kwanza inamalizika. Mgonjwa mmoja alikuwa aanze leo etelkalsetaidi, sindano inayozifanya tezi zihisi kalsiamu ipo ya kutosha, nayo hutolewa mwishoni mwa kusafisha damu. Kalsiamu yake iko chini ya kawaida, na dawa hii huishusha zaidi. Nimeiahirisha.

Saa 8:00 mchana ni kikao na madaktari wa upasuaji, kuhusu mgonjwa ambaye tezi zake zimevimba na dawa hazizitulizi tena. Tumekubaliana ziondolewe tatu na nusu.

Saa 11:00 jioni. Kijana aliyefanyiwa upasuaji kama huo jana ananiambia midomo inamfa ganzi. Nimemgonga taratibu kwa kidole shavuni, mbele ya sikio, na pembe ya mdomo wake ikaruka. Homoni imeshuka ghafla, na mifupa iliyonyang’anywa kalsiamu kwa miaka sasa inaivuta kwa wingi kutoka kwenye damu. Ndiyo maana tunaiita mifupa yenye njaa. Tumempa kalsiamu polepole kwenye mshipa huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa, kisha nikamwongezea vidonge vyake vya kalsiamu na vya kalsitrioli, yaani vitamini D iliyo tayari kutumika.

Saa 1:30 usiku ganzi imepungua na anashika kikombe mwenyewe. Kalsiamu itapimwa tena saa 5:00, na muuguzi wa zamu ameandikiwa ikishuka hadi wapi anipigie simu.