Askari wa pembeni mwa daftari

Jana jioni umeme ulirudi hapa Ndosho, mtaa wetu wa Goma, Kongo, kwa saa mbili hivi. Nikachaji simu, na mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 13, akaja kukaa ubavuni. "Mama mdogo, nionyeshe zile katuni zinazoimba."

Nimezihifadhi kwenye simu, maana kuzitafuta mtandaoni kila mara ni kumaliza mega. Tulianza na Shoot the Dog ya mwimbaji Mwingereza George Michael, ya mwaka 2002. Humo Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, amefanywa mbwa wa George Bush, rais wa Marekani wa wakati huo. Mtoto alicheka hadi akashika tumbo, na hamjui hata mmoja wao. Halafu Boom! ya System of a Down, bendi ya roki ya Marekani. Hiyo ina picha halisi za tarehe 15 Februari 2003, watu wamejaa barabarani katika miji mingi ya dunia kukataa vita vya Iraq, kisha katuni inaingia: Bush, Blair, Saddam Hussein na Osama bin Laden wamepanda makombora kama farasi. Wote wanne. Naipendea hapo. Haikumchagua mbaya mmoja ili iwasafishe wengine.

Vita vilianza tarehe 20 Machi hata hivyo.

Zamani jambo hilo lilinivunja moyo. Siku hizi naona kingine: katuni ya mbwa ilitoka miezi kadhaa kabla ya risasi ya kwanza kulia. Walisema mapema, na walisema nani. Nyimbo za vita ninazozisikia hapa Goma huja baada ya maziko. Zinaomba amani, zinalia pamoja na akina mama, lakini aliyetuma askari hatajwi. Siwalaumu wanamuziki wetu. George Michael hakuishi jirani na Bush. Hapa mwenye bunduki anapita mbele ya mlango wako, na kesho asubuhi ni wewe utakayetoka na bidoni kwenda kuchota maji.

Nina uchungu mwingine pia. Mwaka ule ule wa 2002, mwezi wa Januari, lava ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani nasi, ilipita katikati ya mji wetu, na vita vya Kongo vilivyoanza 1998 vilikuwa havijaisha. Katika katuni hizi zote nilizonazo, hakuna inayotukumbuka.

Ndiyo maana namheshimu sana Jean-Michel Kibushi, mtengenezaji filamu wa Kongo. Wanajeshi walipopora Kinshasa mnamo Septemba 1991, yeye alichukua michoro ya watoto akaitengenezea filamu ya katuni, Kinshasa, septembre noir, ya 1992. Katuni haihitaji kumsimamisha mtu mbele ya kamera. Unaifanya chumbani, dirisha limefungwa.

Kazi yenyewe ni nzito, tumeipigia hesabu: ukichora picha 12 kwa kila sekunde, wimbo wa dakika tatu unadai picha 2,160. Mtoto anazo 46, pembeni mwa daftari lake la hesabu. Ukiziachia kurasa zipite chini ya kidole gumba, askari aliyesimama kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, ananyoosha mkono, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inasimama, gunia linahama, na tumbo la askari linakua kidogo kila ukurasa. Hakuna aliyemfundisha hilo la tumbo.

Nyuma ya askari yupo mtu mwingine, amevaa suti, ameshika kamba iliyofungwa kwenye kiwiko cha askari. Hana kichwa. Nikamwuliza kwa nini.

"Nangoja uniambie nimuweke nani, mama mdogo."

Umeme ulikuwa umeshakatika. Tulikaa gizani muda mrefu na sikumpa jibu.

Leo asubuhi nimemnunulia daftari jingine la hesabu. Lile la kwanza nimelitia kwenye gunia la maharagwe, chini kabisa, na penseli yake ndani.