Shahada ya jiografia na ajira: soma matangazo ya kazi kabla ya kujaza fomu

Mwanafunzi akisema anataka kusoma jiografia chuo kikuu, swali la kwanza huwa: zaidi ya ualimu, utafanya kazi gani? Kazi zipo, ila ni nadra zitangazwe kwa jina la "mwanajiografia". Mtafutaji anayeandika neno hilo pekee huishia kudhani soko limekauka. Tafuta mchambuzi wa data za kijiografia, mtaalamu wa GIS (mifumo ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani), ofisa mazingira, ofisa wa kukabiliana na maafa, mchambuzi wa vihatarishi katika bima. Soma sehemu ya sifa za mwombaji: GIS, takwimu na uandishi wa ripoti vitajirudia mno.

GIS ndiyo inayofungua milango mingi zaidi, na kujifunza kwake hakuhitaji fedha nyingi. QGIS ni programu ya bure ya kazi hiyo. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana bila malipo tangu 2008, na za Sentinel-2 huonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Barabara na majengo utayapata OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya wastani anaweza kufanyia mazoezi data zilezile wanazotumia wataalamu.

Kinachomtenganisha anayeajirika na asiyeajirika ni kujua kazi inapoharibika. Chukua mfano wa uoto. Kipimo cha NDVI, kinachoonyesha wingi wa uoto wa kijani, hupatikana kwa kutoa mwanga mwekundu kutoka kwenye infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), kisha kugawa kwa jumla ya viwili hivyo. Picha ya setilaiti huja na bendi, yaani tabaka zenye namba, kila moja ya aina yake ya mwanga. Kwenye Landsat 7 infraredi ya karibu na nyekundu ni bendi 4 na 3. Kwenye Landsat 8, iliyokuja baadaye, ni 5 na 4. Anayelinganisha msitu wa 2000 na wa 2020 kwa namba za zamani kote atakuwa, kwenye picha mpya, anatoa kijani kutoka kwenye nyekundu. Programu haitalalamika. Ramani itatoka safi, ikionyesha msitu umetoweka, ilhali miti imesimama palepale.

Kosa jingine ni la vipimo. Data nyingi huja katika nyuzi za latitudo na longitudo. Ukiiagiza programu ichore duara la 500 kuzunguka kila kisima, itaelewa nyuzi 500, si mita. Hamishia data kwanza kwenye UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita, na uhakikishe ukanda ni sahihi, kwa kuwa dunia imegawanywa kanda 60 zenye upana wa nyuzi 6 kila moja. Kwenye usaili, swali la namna hii hufichua haraka nani alifanya kazi mwenyewe na nani alinakili hatua.

Kwa hiyo maliza shahada ukiwa na kazi mbili au tatu za kuonyesha, na tasnifu iwe mojawapo. Kila kazi iwe na swali moja, chanzo cha data na tarehe yake, hatua ulizofuata, ramani yenye skeli na ufunguo, na aya inayosema wazi udhaifu wa matokeo. Aya hiyo wengi huiacha, na ndiyo ambayo msimamizi mzoefu huitafuta kwanza.

Wanaoelekea jiografia ya binadamu wasidhani wamesalimika na hesabu. Kuchagua sampuli, kutunga dodoso lisiloelekeza jibu na kuchambua data za sensa ni ujuzi unaolipwa.

Tahadhari kuhusu fani zenye leseni. Upimaji wa ardhi kwa kawaida una shahada yake, na katika nchi nyingi mwenye jiografia peke yake haruhusiwi kuidhinisha ramani za mipaka ya viwanja. Mipango miji mara nyingi hudai usajili. Utabiri wa hali ya hewa unataka fizikia na hisabati za kutosha, na ualimu mara nyingi una sifa zake za ziada. Ulizia masharti hayo mwaka wa kwanza, wakati bado unaweza kubadili masomo ya kuchagua.

Kabla ya kukubali nafasi, omba chuo orodha ya masomo. Angalia kama GIS ni ya lazima au ya hiari, kama lugha ya kompyuta ya Python au R inafundishwa, kama kuna mafunzo kwa vitendo na huchukua wiki ngapi. Ikiwa GIS imebanwa kwenye muhula mmoja wa nadharia, linganisha na chuo kingine, au panga tangu sasa kujifunza QGIS mwenyewe.