Kaburini kwa Barnaba, mimi na mdogo wangu

Mwezi wa saba nilienda Saiprasi ya kaskazini kumcheki mdogo wangu anayesoma Famagusta. Haikuwa safari ya kutalii, mzee alikuwa amegoma kutuma ada baada ya dogo kurudia mwaka, kasema hatoi hata shilingi, mimi nikamwomba baba subiri kwanza niende nikamwone kwa macho yangu. Basi Dar mpaka Istanbul, Istanbul mpaka Ercan, uwanja wa ndege wa huko, maana ndege za upande ule zinapitia Uturuki, kisiwa kimegawanyika tangu 1974.

Siku ya tatu dogo akaniambia kaka, twende nikuonyeshe kaburi la Barnaba. Nikauliza Barnaba yupi? Akacheka, huyu wa kwenye Matendo ya Mitume, si alikuwa mtu wa hapa.

Tukapanda dolmush, hizi ndo daladala zao, tukashukia Salami, kilomita kama sita tu toka mjini. Ni magofu matupu, nguzo za marumaru na masanamu yasiyo na vichwa yamepanga mstari, bahari hapo nyuma. Hapa ndo Barnaba na Sauli, yaani Paulo, walishuka wakitokea Antiokia, na kijana Yohana Marko akiwa msaidizi wao. Angalia ukisoma Matendo 13, mwanzoni ni "Barnaba na Sauli", wakishatoka Pafo inakuwa "Paulo na wenzake". Barnaba ndo alimfuata Sauli Tarso akamleta Antiokia, na kabla ya hapo ndo alimpeleka kwa mitume Yerusalemu wakati wote wanamwogopa, wanadhani ni mtego, sasa leo jina lake linashuka chini na hakuna mahali anapolalamika. Mimi kwenye kwaya yetu nimeshaona watu wanahama kanisa kwa kunyang'anywa maiki tu.

Toka hapo tukatembea kwa mguu kama nusu saa kwenye mashamba makavu, jua la kule usiombe, mpaka monasteri ya Barnaba. Watawa hawapo tena, wa mwisho walikuwa ndugu watatu wazee, wakaondoka 1976, sasa ni makumbusho ya ikoni, picha takatifu za kanisani, na vyungu vya kale. Kaburi lenyewe liko pembeni kwenye kijumba kidogo, unashuka ngazi kwenda chini ya ardhi na ubaridi unakupokea. Wanasimulia kwamba karne ya 5 askofu mkuu Anthemio aliota ndoto, wakachimba chini ya mti wa karobu wakakuta mwili na Injili ya Mathayo kifuani. Kaizari Zeno akalipatia kanisa la Kipro, ndo Saiprasi kwenye Biblia, uhuru wake, ndo maana mpaka leo askofu mkuu wao anasaini kwa wino mwekundu. Na waliokuwa wanataka kulitawala kanisa hilo ni Antiokia, kanisa lilelile ambalo Barnaba alilipalilia!

Jina lake la kuzaliwa ni Yusufu, Barnaba ni la kupewa na mitume, Mwana wa faraja. Kwetu faraja ni neno la msibani, unashika mkono unasema pole unaenda kula pilau. Huyu faraja yake ilikuwa na gharama, aliuza shamba hela yote akaiweka miguuni pa mitume.

Tumekaa pale chini dogo akauliza, kaka, Marko si aliwakimbia kina Paulo kule Perge akarudi kwao?

Nikamwambia ndiyo, alikimbia.

Na Barnaba akamchukua tena?

Alimchukua, Paulo hakutaka, wakagombana vibaya mpaka wakaachana, Barnaba akapanda meli na Marko wakaja huku huku Kipro. Miaka ikapita Paulo mwenyewe akamwandikia Timotheo amlete Marko, anamfaa.

Dogo hakusema kitu, alikuwa anakwangua nta ya mshumaa kwa kucha.

Tukarudi barabarani kungoja dolmush, kivuli hakuna, nikampigia mzee. Akauliza swali moja, anasoma? Nikasema anasoma baba, nimeona madaftari, na ada ya muhula huu nusu natoa mimi. Kimya, nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, mpe simu. Dogo akafuta kwanza jasho la mkono kwenye suruali ndo akaipokea, "Shikamoo baba."