Adhana ya chumbani na ya juu ya paa

Dada yangu anaingia mwaka wa 3 sasa yuko Muscat. Juzi kaniomba nimrekodie adhana ya alfajiri ya kwetu Mji Mkongwe. Video hataki, sauti tu.

Nikaiacha simu kitandani, karibu na mto. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, kuta nene, chumba kirefu lakini chembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazipiti mita 3 hivi. Humo ndani adhana haina upande. Misikiti iko mingi, waadhini hawaanzi pamoja, na sauti zikishaingia kichochoroni zinagonga ukuta huu na ule mpaka kunifikia zimekuwa uji. Hata hivyo mzee wa msikiti wa karibu namjua kwa kikohozi chake kabla hajaanza.

Jibu la dada: "Kaka, umelala ndani ya pipa?"

Siku ya pili nikapanda juu ya paa, kunguru hawajaamka. Subhanallah, tofauti yake! Mmoja nyuma ya bega la kulia, mwengine upande wa Forodhani, wa tatu mbali huko Ng'ambo, kila mtu na mahali pake. Sauti ya kulia inalitangulia sikio la kulia kwa muda usiofika hata sehemu 1 ya elfu ya sekunde, na ubongo unatosheka na hicho kidogo kujua itokako. Nikamtumia nikijua leo nitasifiwa.

"Mbona wote wanaadhini katikati ya kichwa changu?"

Alikuwa amevaa hedifoni. Simu yangu inarekodi kwa maiki moja, kwa hiyo masikio yake yote mawili yalipata kitu kilekile kwa wakati mmoja. Pande zote nilizozisikia mimi zilibaki juu ya paa.

Ile ya pipa ndiyo aliyoihifadhi. Anasema mwangwi ule ni wa chumba kile, angekijua hata akifungwa macho. Kisha akauliza: "Na mlango wa chini hamjautia mafuta mpaka leo?"

Mlango gani? Niliirudia rekodi mara 3 ndipo nikausikia, mama akitoka kwenda kuswali. Mimi naupita kila siku.