Mto Aliouvuka Babu

Bibi alinituma jambo moja tu: nifike Kyaka, niutazame Mto Kagera kwa macho yangu, kisha nimweleze upana wake. Babu, aliyetutoka mwaka jana, alikuwa mgambo aliyeitwa vitani baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa, tarehe 2 Novemba 1978, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin tunavyo. Katika miaka yote aliyoishi nasi tangu arejee, kila alipoulizwa habari za vita alijibu, "Tulivuka mto," akanyamaza.

Nilipandia basi Singida, nikatozwa nauli kamili kana kwamba nimetokea Dar es Salaam, na mpaka Kahama nilikuwa nimekalia ndoo ya mtu katikati ya njia. Kondakta alinihakikishia kuwa kiti kipo, hakikuwapo. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa fedha ile ilichangwa na baba zangu wadogo na shangazi kwa ajili ya safari ya kumkumbuka baba yao. Bukoba nililala usiku mmoja, na asubuhi nikapanda Hiace iliyobana watu wanne katika kiti cha watatu.

Tulipolifikia daraja la Kyaka, hakuna abiria aliyeinua kichwa, ingawa daraja lililokuwapo hapo lililipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978 ili wanajeshi wetu wasivuke. Niliteremka. Kando ya barabara alikuwapo mzee anayeuza kahawa ya kutafuna, nikamwamkia, akaniuliza namfuata nani. Nilipomjibu kuwa namfuata babu yangu aliyepita hapa vitani, alifunika kahawa yake kwa kitambaa na kusimama.

Alinionyesha kilima chenye magofu ya kanisa lililobomolewa wakati ule. Alinieleza jinsi walivyokimbia Oktoba ile, yeye akiwa kijana, wakaacha ng'ombe zizini na ndizi jikoni, na jinsi walivyorudi wasikute ng'ombe hata mmoja. Kisha akatangulia kunishusha mtoni kwa kijia chembamba chenye majani marefu pande zote mbili, nami nikamfuata nikikanyaga pale pale alipokanyaga. Aligeuka, akanitazama miguu, akasema, "Huyo babu yako alikufundisha kutembea."

Ni kweli. Tulipokwenda shambani, sisi wajukuu tulipaswa kufuata nyayo zake, na mbuzi akiingia majanini aliitwa, hakufuatwa. Tuliochelewa kuelewa tulichapwa, nami nilikua nikiamini kwamba huo ni ukali wa wazee tu. Mzee yule ndiye aliyenieleza habari za mabomu yaliyotegwa ardhini, na wanajeshi waliojifunza kukanyaga nyayo za aliyetangulia. Nilisimama ukingoni kwa muda mrefu nikimwomba babu radhi kwa kila siku niliyonung'unika nyuma yake.

Nilimpigia bibi nikiwa pale pale. Nikamwambia mto ni wa rangi ya udongo, unakwenda kasi, na upana wake haufiki mbali kama kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani.

Alikaa kimya kidogo. "Mdogo hivyo?" akauliza. "Mbona aliuvuka mpaka uzeeni, kila usiku?"