Mdako wa Jeonju

Leo jioni hapa Jeonju, Korea Kusini, mvua imetufungia bwenini. Mwenzangu wa chumbani, Mkorea, akatoa vijiwe vitano vya plastiki vya gonggi, mchezo wao unaofanana na mdako.

Mimi nimekulia kwenye mdako, mikono ikajua yenyewe. Rusha kimoja, okota kimoja. Kisha viwili, vitatu, vinne.

Hatua ya tano ndiyo tamu! Unavirusha vyote, unavipokea kwa mgongo wa mkono, unavirusha tena na kuvidaka hewani. Ulivyodaka vinahesabiwa kuwa miaka yako, yaani alama zako.

Tangu nihamie hapa tulikuwa tunasalimiana kwa adabu tu. Leo kaushika mkono wangu, akanipanga vidole kimoja kimoja ili vijiwe vitulie. Nimefurahi mno, jamani.

Nani hapa bado anacheza mdako? Kwenu mlichimba shimo?