Kamba Iliyokatwa Kabla ya Kukatika

Binti yangu wa pili, yule wa maswali, kaniletea kamba ya bluu Jumamosi asubuhi. Anataka bembea. Nikakaa nayo kibarazani, naipitisha vidoleni pima kwa pima, naikunja, nainusa. Muda ukaenda, bembea haijafungwa.

"Baba, kwani unatafuta nini humo?"

Sikumjibu la maana. Nilikuwa nimeshafika Raskazone, Tanga, uani kwa bi mkubwa mmoja, chini ya mwembe.

Ni enzi zile za kupunguza miti, kabla sijaingia kwenye mambo haya mengine. Mzee ndiye mwenye kazi, mimi na mwenzangu ndio wapandaji, na vijana wawili wa chini wa kuvuta matawi. Mzee hakuanzia kwenye miti. Ujana wake uliishia bandarini Tanga, kwenye matishari, maana meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, shehena inashushwa huko huko na kuletwa gatini kwa tishari. Mtu aliyeshinda miaka chini ya mizigo inayoning'inia haiangalii kamba kwa jicho la kawaida. Miti alikuja kujifunza ukubwani. Kamba alikuja nazo.

Kamba yetu ilikuwa ya nailoni, nyuzi tatu nene zilizosokotwa pamoja, unene milimita 16, haijamaliza hata msimu. Watu walitucheka. Tanga hii, iliyolelewa na mkonge tangu yule Mjerumani Hindorf alete miche yake mwaka 1893, halafu nyie mnapanda kwa nailoni! Mzee hakutaka kabisa kusikia habari ya katani juu ya mti. Katani ikilowa na kuwekwa bila kukauka huoza kuanzia ndani, nje inabaki na sura yake ile ile. Kushushia matawi, sawa. Kumshika mtoto wa mtu, hapana.

Basi, mwembe. Mkubwa, wa zamani, tawi moja limelala juu ya bati la jiko. Nilishafunga mikono ya shati kwa mpira wa baiskeli ili maji moto wasiingie (aliyewahi kuumwa na wale sisimizi akiwa juu, mikono yote imeshika tawi, ananielewa). Mwenzangu anatafuta panda ya kurushia kamba. Bi mkubwa kashaleta chai. Mzee akasema, "Ngojeni kwanza," akakaa kwenye kigogo, akaivutia kamba mapajani.

Alifanya hivyo kila asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyemtazama. Alifumba macho na kamba ikaanza kumpita mkononi taratibu kama mtu anayevuta uradi. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichokuwa kinasoma. Kamba inapita, inadondoka miguuni, inapita, inadondoka. Halafu ikasimama.

Akairudisha nyuma kidogo, akaipitisha tena. Ikasimama pale pale.

Akafumbua macho. Akaizungusha kinyume cha msokoto mpaka nyuzi zikaachana, akachungulia ndani. Nyeupe. Hakuna unga, hakuna nyuzi zilizokatika. Akainusa. Akaikunja kitanzi, akaikunjua. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kuiachia: "Shika hapa, mwanangu. Usiangalie, shika."

Nikashika. Kulikuwa na ugumu. Mdogo, urefu wa shubiri moja hivi, ambao kama asingenionyesha ningeupita. Nilijua ugumu wa moto unavyokuwa: kamba ikisugua kamba mahali pamoja, nailoni huyeyuka kidogo na kuacha ganda linalong'aa. Huu haukung'aa. Ule wa jua nao niliujua, unaambatana na manyoya na kupauka. Hapa rangi ilikuwa safi. Ni ugumu tu, basi.

"Jana ililala wapi?" Mzee akauliza.

Mmoja wa vijana akasema ililala kwenye pikapu tuliyokodi, kule nyuma.

"Na nini kingine kilikuwa nyuma?"

Yule kijana akafikiri. Spea. Gunia la mkaa. Betri ya gari, dereva alikuwa anaipeleka kuchaji.

Hakuna aliyesema kitu. Asidi ya betri na nailoni haviivi chungu kimoja. Asidi inaweza kuila kamba na isiache alama yoyote ya kuonekana. Mwenzangu ndiye aliyevunja ukimya. "Mzee, huo ni utomvu umekaukia. Kamba mpya hii." Akaifunga kwenye shina la mwembe, tukaing'ang'ania watu watatu, tukavuta mpaka visigino vikachimba mchanga. Ikashika.

"Umeona, Mzee?"

"Nimeona imewashika watu watatu waliosimama chini," Mzee akasema.

Hilo halikuwa na jibu. Kuvuta kamba polepole ni jambo moja. Mtu wa kilo 70 akiteleza juu na kamba ikamnyaka ghafla, uzito unaoifikia unakuwa mara kadhaa ya ule wake, na pale penye fundo ndipo panapoelemewa zaidi. Tulijua wote. Ila kulijua jambo na kutupa kamba mpya kwa ajili yake ni vitu viwili.

Mzee akaomba panga. Nilidhani atakata ile shubiri tu. Akaiweka kamba juu ya kigogo alichokuwa amekalia, akakata. Akavuta pima mbili, akakata tena. Mwenzangu akapiga kelele, "Sasa mbona unakata hata pazima?" Mzee hakuinua uso. "Ilikomwagikia kwingine sijui. Na nikiiacha ndefu, mtaiunga." Akaendelea mpaka mwisho. Bi mkubwa kasimama na sinia la vikombe, anatutazama kama tumerogwa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Hatukuwa na kamba ya pili. Bi mkubwa akaita vijana wengine, wakaja mchana na kamba ya katani nyeusi kwa uchafu, peku, wakapanda, wakalitoa lile tawi kipande kipande. Kabla ya alasiri wamemaliza, bati zima, wao wazima, wamelipwa. Sisi gharama ya kamba ilikatwa kwenye ujira wetu, na Mzee akajikata sawa na sisi, jambo ambalo halikunipunguzia hasira hata kidogo.

Vile vipande nilichukua viwili. Kimojawapo ndicho kile chenye ugumu. Nyumbani kilimfunga ng'ombe wa mama, jua na mvua, mpaka yule ng'ombe akauzwa. Hakikukatika. Nilikuwa nakwenda kukitazama, nadhani nilitaka kikatike.

Siku moja nilimwambia Mzee kuhusu ng'ombe. Akaniuliza kama ng'ombe huwa anaanguka kutoka juu.

Miaka imepita, nimesoma kwamba Uingereza wana kanuni tangu 1998: kifaa cha kumpandisha mtu kikaguliwe na mjuzi, kwa kawaida kila miezi 6, na kikitiliwa shaka kitolewe kazini. Wakaguzi wao wanaandika cheti. Mzee alikuwa na kidole gumba, na sina namna ya kukihakiki. Kamba iliyomwangusha mtu kila mmoja huijua kuwa ilikuwa mbovu. Ile iliyokatwa vipande kwenye kigogo itabaki na kesi yake. Huenda ilikuwa asidi. Huenda ulikuwa utomvu wa mwembe, na tulilala bila ujira kwa sababu ya mwembe.

Mwenzangu hakuwa na shaka yoyote. Wiki iliyofuata alihamia kwa wale vijana wa katani, akapanda nao miaka, hakuwahi kudondoka. Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki na kitambi. Kila tukikutana, kabla ya salamu, ananiuliza kamba siku hizi ni bei gani.